2100: Namba ya Mgawo wa Mtabila

Leo naomba tuzungumze juu ya namba moja. Si idadi ya kura, wala si bei ya mafuta ya taa, mambo ambayo tunayasikia kila siku. Namba yenyewe ni elfu mbili na mia moja, yaani 2100. Ukiitaja pale Kariakoo hakuna atakayegeuka kukutazama. Lakini kule Mtabila, wilayani Kasulu, namba hiyo kwa miaka mingi ndiyo iliyoamua sufuria ijae kiasi gani. Nataka tuipime kwa hisabati ile ile tuliyofundishwa sote katika shule ya msingi, kisha tuipime kwa historia, na mwisho tuone kama vipimo hivyo viwili vinakubaliana.

Kwanza tukumbushane Mtabila ni wapi. Kasulu na Kibondo ni nchi ya Waha, nchi ya vilima na migomba katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako usiku wa mwezi wa Juni blanketi moja halitoshi. Upande wa pili wa mpaka ni Burundi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na mtu wa Kasulu na mtu wa Burundi husikilizana bila mkalimani. Mwaka 1972, mauaji ya Burundi yalipowakimbiza watu kwa maelfu, Tanzania iliwapokea na hatimaye kuwapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kisha tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, na wimbi jingine kubwa likavuka mpaka. Katika miaka hiyo ya 1990 ndipo majina ya Mtabila na Muyovosi kwa upande wa Kasulu, na Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago kwa upande wa Kibondo ya wakati ule, yalipoanza kusikika katika taarifa za habari. Hawa wa mara ya pili hawakupewa mashamba. Walipewa kambi, na kambini walipewa mgawo.

Sasa mgawo huo ulipimwa kwa nini? Hapo ndipo inapoingia namba yetu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, lile la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, na lile la chakula, WFP, yanapanga chakula cha mkimbizi mmoja kwa siku moja kwa kipimo cha kalori 2100. Kalori, kwa asiyezoea, ni kipimo cha joto. Kalori moja ya chakula, ambayo wataalamu huiita kilokalori, inatosha kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja. Kwa hiyo kalori 2100 zingetosha kupasha lita 30 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 95. Huo ndio moto ambao mwili wa mtu unapewa kwa siku nzima: kwa kupumua, kutembea, kuchota maji, kubeba kuni, kunyonyesha na kukua.

Katika miongozo ya mashirika hayo mna mfano wa mgawo unaokaribia namba hiyo: nafaka gramu 400, mikunde gramu 60, mafuta gramu 25, unga wa mchanganyiko wa mahindi na soya gramu 50, sukari gramu 15 na chumvi gramu 5. Jumlisha kalori zake utapata kama 2100. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba sehemu kubwa ya namba imo katika nafaka. Gramu 400 za mahindi peke yake ni karibu kalori 1400, yaani theluthi mbili ya yote. Mahindi yakichelewa njiani, namba nzima imeanguka.

Haya, tuingie darasani. Tukiigawa 2100 mpaka tufike kwenye namba tasa, tunapata hivi: mbili mara mbili, mara tatu, mara tano, mara tano, mara saba. Basi, hakuna kingine. Namba nne za kwanza miongoni mwa namba tasa, yaani 2, 3, 5 na 7, zote zimo ndani yake. Kwa sababu hiyo 2100 inagawanyika bila baki kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5, kwa 6 na kwa 7. Ukihesabu vigawo vyake vyote, kuanzia 1 hadi 2100 yenyewe, utavikuta 36. Kwa namba ya ukubwa huo, hivyo ni vigawo vingi sana. Chukua jirani yake 2101: ni 11 mara 191, ina vigawo vinne tu. Chukua 2099: hiyo ni namba tasa, haigawiki kwa yeyote ila kwa moja na kwa yenyewe.

Mnakumbuka kile mwalimu alichokiita Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS? Tafuta KDS ya namba zote kuanzia 1 hadi 7. Jibu ni 420. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayogawanyika kwa zote saba. Na 2100 ni 420 mara tano kamili. Shikeni jambo hilo, tutalihitaji baadaye.

Labda mtaniuliza: uzuri huo una faida gani kwa mama aliye jikoni? Faida inaonekana pale ambapo kadi ya mgawo na idadi ya walaji havilingani, jambo linalotokea katika kambi yoyote duniani. Mtoto amezaliwa, bado hajaandikwa. Shangazi amevuka mpaka jana, hana kadi. Kwa hiyo nyumba ina mlaji mmoja zaidi ya kadi. Tufanye hesabu. Kadi ya mtu mmoja ikilisha wawili, kila mmoja atapata 1050. Kadi ya wawili ikilisha watatu, kila mmoja 1400. Ya watatu kwa wanne, 1575. Ya wanne kwa watano, 1680. Ya watano kwa sita, 1750. Ya sita kwa saba, 1800. Kila mara jibu ni namba nzima, hakuna desimali. Desimali ya kwanza inatokea pale kadi ya watu saba inapolisha wanane: 1837 na nusu. Na nyumba za watu wanane au tisa, wanaojua Buha na Burundi watakubaliana nami, si chache.

Hesabu hizo zinatufundisha jambo ambalo si la hisabati tu. Mgeni mmoja katika nyumba ya mtu mmoja anakula nusu ya chakula cha mwenyeji. Mgeni huyo huyo katika nyumba ya watu sita anapunguza sehemu moja tu kati ya saba. Ndiyo maana watu wetu tangu zamani waliona ukoo mkubwa ni akiba.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, tusiidhanie namba hii kuwa ni busara ya makusudi. Haikuchaguliwa kwa sababu inagawanyika. Warundi wa mwaka 1993 walipofika, kipimo kilichokuwa kikitumika duniani kilikuwa kingine: 1900, kilichopendekezwa mwaka 1988 kama kiasi cha chini wakati wa dharura. Na 1900 ni mbili mara mbili, mara tano, mara tano, mara kumi na tisa. Haigawanyiki kwa tatu, haigawanyiki kwa sita wala kwa saba. Vigawo vyake ni 18, nusu kamili ya vile vya 2100. Ilionekana pia kuwa ni ndogo. Mwaka 1995 wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani walikaa wakakadiria upya mahitaji ya watu katika nchi zinazoendelea, wake kwa waume, wachanga na wazee, jibu wakaliweka katika mia iliyo karibu, yaani 2100. Mwaka 1997 UNHCR na WFP wakaliingiza katika miongozo yao ya pamoja. Kwa hiyo uzuri wote ule ulikuja kwa bahati. Mia ilileta mbili na tano, ishirini na moja ikaleta tatu na saba. Mtabila ikawa miongoni mwa kambi zilizoishi chini ya namba zote mbili.

Sasa tufike kwenye neno ambalo ndilo roho ya namba hii: wastani. 2100 si mahitaji yako, wala si yangu. Ni wastani wa watu wote wa kambi. Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne. Mtoto wa miaka miwili anahitaji, tuseme, 1200. Dada yake 1900. Mama anayenyonyesha 2500. Baba anayebeba mizigo 2800. Jumla ni 8400, ukigawa kwa nne unapata 2100 kamili. Hesabu imekubali, lakini tazameni vizuri: katika nyumba hiyo hakuna hata mmoja anayehitaji 2100. Namba inayotajwa kuwa ni ya kila mtu haimfai mtu yeyote mmoja mmoja. Inawafaa wakiwa pamoja, na kwa sharti kwamba wagawane si kwa usawa, bali kwa mahitaji.

Na je, nyumba ikiwa ya vijana wanne wa kiume, kila mmoja akihitaji 2800? Wanahitaji 11,200, kadi inawapa 8400. Wastani wa kambi uko sawasawa kabisa, lakini vijana hao wanalala na njaa. Wataalamu wenyewe wanalijua jambo hili, ndiyo maana miongozo inaagiza namba irekebishwe kulingana na mahali na watu. Kwa mfano, inaagiza kuongeza kalori 100 kwa kila nyuzi 5 ambazo joto la mahali linashuka chini ya nyuzi 20, kwa sababu mwili unaotetemeka unaunguza kuni nyingi zaidi. Kwa hiyo kwa nchi ya vilima kama Kasulu, 2100 ilikuwa ni mahali pa kuanzia hesabu.

Hebu tuiache kambi kidogo tuangalie nyuma zaidi, kwa sababu mkoa huo huo wa Kigoma uliwahi kuwa na kipimo chake cha mgawo kabla mtu yeyote huku hajasikia neno kalori. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mpagazi alikuwa na haki ya posho, na posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Vibaba vinne ni pishi moja. Kibaba kilikuwa kama ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Ukiigeuza nafaka hiyo kuwa kalori utapata zaidi ya 2300. Mpagazi alikuwa mwanamume mzima, mwenye mzigo mzito kichwani au begani, anatembea kutwa nzima, kwa hiyo tusiseme alishiba. Lakini angalieni jinsi vipimo viwili, kimoja cha mikono ya wafanyabiashara na kingine cha maabara, vilivyokaribiana.

Tofauti yake ni nini basi? Tofauti ni kwamba kibaba kinaonekana. Kiswahili kilikuwa hata na maneno ya kubishania: kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka juu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa sawasawa na ukingo. Mpagazi asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kusimama mbele ya kiongozi wa msafara akasema, "Jana ulinipa cha tele, leo umenipa cha mfuto, kwa nini?" Alikuwa na ushahidi machoni pake. Ubishi wa kipimo ulikuwa ni ubishi wa watu wawili wanaotazama chombo kimoja.

Lakini nani aliyewahi kuiona kalori 2100? Haionekani ndani ya debe wala ndani ya kopo. Ili mama wa Mtabila ajue kama amepunjwa, ilimpasa ajue gramu za mahindi, gramu za maharage na vijiko vya mafuta, kisha azidishe kwa idadi ya watu wake na kwa idadi ya siku. Tuseme mgawo ni wa siku 14 na kadi ni ya watu sita: mahindi peke yake, kwa gramu 400, ni kilo 33 na gramu 600. Tena mahindi ya punje yanahitaji kusagwa, na mashine ya kusaga haiendeshwi kwa maombi. Mwenye punje asiye na shilingi hana budi kuacha sehemu ya punje zake pale mashineni. Hesabu ya ofisini inaishia getini mwa ghala, wala haifiki mashineni.

Nilisema tushike ile 420. Ni kwa sababu ya jambo linalofuata, ambalo ndilo lililonifanya niichague namba hii. Michango ya nchi wahisani inapopungua, mgawo hukatwa kwa asilimia. Kwa kuwa 2100 ni 420 mara tano, kila asilimia 20 inayokatwa ni 420 kamili. Ukikata asilimia 20 unabaki na 1680. Ukikata 40 unabaki na 1260. Ukikata 60 unabaki na 840. Sasa tuhesabu vigawo. 2100 ilikuwa na vigawo 36. Je, 1680 ina vigawo vingapi? Ina 40! Chakula kimepungua kwa sehemu moja kati ya tano, namba imezidi kuwa nzuri ya kugawia. Hata 1260, ambayo ni chakula cha mtu aliyekatiwa karibu nusu, ina vigawo 36 sawasawa na ile ya kwanza. Mwanahisabati wa Kihindi Srinivasa Ramanujan, akiwa Cambridge mwaka 1915, aliandika juu ya namba za aina hii, yaani namba zenye vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kwao. Zote tatu, 840, 1260 na 1680, zimo katika ukoo huo. Lakini 2100 haimo, kwa sababu 1680 inaizidi ingawa ni ndogo kwake.

Maana yake ni kwamba hisabati haisikii njaa. Ukiwa umekaa mezani na kalamu, 1680 ni namba safi kuliko 2100. Inagawanyika hata kwa nane, jambo ambalo 2100 haiwezi. Karatasi itapendeza na jedwali litakaa sawa. Aliye kule kambini ndiye atakayejua kwamba mlo mmoja umetoweka.

Na haya si mambo ya kubuni. Mwanzoni mwa mwaka 2003, wakati Mtabila bado imejaa watu, mgawo katika kambi za magharibi mwa Tanzania ulishushwa hadi kufikia karibu nusu kwa sababu ya upungufu wa michango. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2023, likatokea tena kwa wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta: kutoka asilimia 80 hadi 65 mwezi wa Machi, na kutoka 65 hadi 50 mwezi wa Juni. Iandikeni kwa namba yetu: 1680, kisha 1365, kisha 1050. Hiyo 1365 ni namba witiri, haigawanyiki hata kwa mbili. Na 1050 haigawanyiki kwa nne. Safari hii hata uzuri wa hesabu ulikatwa pamoja na chakula.

Si sisi wa kwanza kudanganyika na namba inayogawanyika vizuri. Mwanafalsafa wa Kiyunani, Plato, katika kitabu chake kiitwacho Sheria, alipanga mji wa kufikirika wenye wenye ardhi 5040. Alisema wazi kwamba ameichagua namba hiyo kwa kuwa ina vigawo 59 bila kujihesabu yenyewe, na inagawanyika kwa zote kuanzia 1 hadi 10, hivyo itafaa kwa kodi, kwa vita na kwa kugawana ardhi. Nayo ni ndugu ya namba yetu, maana 5040 ni 420 mara kumi na mbili. Tatizo lilikuwa 11, ambayo haigawi 5040. Plato akasema hilo lina dawa nyepesi: ondoa kaya mbili, 5038 zitagawanyika. Katika kitabu, kuondoa kaya mbili ni mstari mmoja. Katika maisha, kaya mbili ni watu wenye majina na watoto.

Sasa ni kwa nini namba hii iliuma zaidi Mtabila kuliko Mishamo? Mkimbizi wa 1972 aliyepewa ardhi hakuhitaji kujua kalori ni kitu gani. Alilima mahindi, maharage na tumbaku, akauza, akalipa kodi, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Mkimbizi wa Mtabila aliwekewa mpaka wa kilomita nne kutoka kambini, asiende mbali zaidi bila kibali. Serikali ilikuwa na sababu zake, za usalama wa mpaka na za malalamiko ya wananchi juu ya wizi, silaha na misitu iliyokatwa, nami sizidharau. Mwananchi wa Kasulu naye alikuwa na haki ya kulala usingizi. Lakini matokeo yake kihesabu ni haya: kwa mtu mwenye shamba, mgawo ni nyongeza; kwa mtu asiye na shamba wala ruhusa ya kibarua, mgawo ndio jumla yote. Kukata asilimia 50 ya nyongeza ni usumbufu. Kukata asilimia 50 ya jumla yote ni jambo jingine kabisa.

Sisi wa mijini tusijione tuko mbali na habari hizi. Wenye umri wanakumbuka miaka ile ya mwanzo wa 1980, maduka ya kaya, foleni za sukari na sabuni, na unga wa yanga. Balozi wa nyumba kumi alikuwa na orodha ya kaya, na kilo za sukari ziligawanywa kwa idadi ya vichwa. Wakati ule kila mama wa Magomeni na Temeke alikuwa mwanahisabati. Alijua kaya yake imeandikwa watu wangapi, na alijua jirani yupi ameandikisha mtoto aliyekwisha kwenda bara. Ubaya wa mgawo ule tuliusema kwa sauti, kwa kuwa kilo ya sukari ilipimwa mbele ya macho yetu. Hatukuwa na elimu kuliko watu wa Mtabila. Tulikuwa na kipimo kinachoonekana, na tulikuwa na mahali pa kulalamikia.

Basi kwa maoni yangu, yako mambo matatu ambayo namba hii inatufundisha. La kwanza, kipimo cha mgawo lazima kitafsiriwe katika chombo anachokijua mlaji: kopo kadhaa, kilo kadhaa, kwa watu kadhaa, na kibandikwe pale pa kugawia kwa lugha yake. Mgawo ambao mpokeaji hawezi kuukagua ni hisani tu, hata kama umeandikwa katika miongozo kuwa ni haki. La pili, wastani utumike kwa kambi nzima, usigeuzwe kuwa hukumu juu ya nyumba moja moja. Nyumba ya vijana wanne na nyumba ya mama mwenye wachanga watatu hazifanani, hata kama kadi zao zimeandikwa nne. La tatu, na ndilo kubwa, anayekata namba aseme wakati huo huo mtu huyo ataongeza kwa njia gani. Huwezi kumfungia mtu mlango wa shamba na kibarua, kisha ukampunguzia nusu ya sufuria, ukaridhika kwa kuwa hesabu imetoka bila baki.

Mtabila yenyewe haipo tena kama kambi ya wakimbizi. Mwezi wa Agosti 2012 Serikali iliwaondolea hadhi ya ukimbizi wengi wa waliokuwa wamebaki, na kati ya Oktoba na Desemba mwaka huo watu wapatao 35,000 walirudishwa Burundi. Wachache walioonekana bado wanahitaji hifadhi walihamishiwa Nyarugusu. Mahali hapo pakawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, vijana wetu wanapojifunza kulima na ukakamavu. Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipoanza tena na watu kuvuka mpaka, Nduta ilifunguliwa upya, na Mtendeli baada yake, lakini si Mtabila. Baadhi ya waliorudishwa kwao mwaka 2012 wakajikuta tena kwenye foleni, na juu ya karatasi za foleni ile namba ilikuwa ile ile, 2100.

Ndugu wasikilizaji, mnaweza kuijaribu hesabu hii nyumbani leo jioni pamoja na watoto wenu wa shule. Wapeni waitafute KDS ya 1 hadi 7, watafute vigawo vyote 36, ni zoezi zuri. Wakimaliza, waulizeni swali moja ambalo halimo katika kitabu chao cha hisabati: katika chungu hiki cha leo, nani anahitaji kula zaidi, na nani anaweza kungoja? Wakilijibu hilo, watakuwa wameelewa kugawanya.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo wiki hii.